Gari Lililopanda Mlima Kinyumenyume

Mutsamudu,
Mfungo Nane, Agosti 2000

Mpendwa mwanangu Chanfi,

Marahaba mwanangu, maana najua ushaniamkia moyoni kabla hujaifungua barua. Hujambo? Laïla hajambo, na watoto? Ule mguu wako uliokuwa ukivimba umepoa? Na mama mkwe wako hapo Ntsoudjini, bado anasali ameketi? Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mimi macho yanaona vivuli, na meno yamebaki yale ya kuchekea wageni tu, ya kutafunia yamekwenda zake.

Anayeniandikia ni Maalim Abdoulwahab, jirani yetu wa chuo cha Kurani. Nimemwambia aandike Kiswahili chetu cha Unguja, kile tulichokuwa tukisemezana mimi na wewe na marehemu mama yako tuliporudi huku, pale tusipotaka majirani watusikie. Keshaanza kuniambia nifupishe, ati karatasi hazipatikani. Mimi nimewalea ninyi wawili tangu mama yenu alipofariki, sijawahi kufupisha, nitaanza leo?

Je, huko Moroni wamekuacha? Tangu mwaka jana walipowatoa Wandzuani, watu wa kisiwa chetu hiki, majumbani na kuwasukumiza melini, mlango ukigongwa tu mimi nadhani ni habari yako. Mshukuru mkeo kwamba ni wa huko, na nyumba ni yake.

Huku tumefungiwa na vikwazo, mwanangu, kwa vile kisiwa kimejitenga na Moroni. Simu imekatwa. Bandarini hakuna meli, wapagazi wanashinda wakicheza bao kivulini mwa makontena matupu. Petroli inauzwa kwa chupa za soda, tena uwe unajuana na mtu. Mashelisheli tumeyala mpaka harufu yake inatutapisha. Na vijana waliopewa bunduki wanapita barabarani kama wamezaliwa nazo. Nikimwona mtoto niliyempakata mimi mwenyewe ameshika bunduki, nageukia ukuta.

Sasa nije kwenye neno lako. Mouzaoir alifika kwa kuzungukia kisiwa cha Maore, akanifikishia ulichomtuma. Ati umesikia shemeji yako Imrane ndiye aliyemuua mdogo wako Loutfia, kwamba gari ulilompa aliliunguza kwa kuwabebea wale wenye bunduki, siku ya haja likamshinda. Na ati arubaini ya msiba ikiisha, Imrane atoke nyumbani kwa Loutfia, na mtoto aletwe kwako Moroni. Wewe ndiye mjomba, neno lako ni neno. Lakini aliyekuhadithia hakuwa kwenye lile gari. Mimi nilikuwamo.

Lile gari lako la otomatiki, tangu lishuke melini lilikuwa ajabu hapa mtaani. Halina klachi, mguu mmoja unakaa bure kama mgeni. Imrane alilitunza, alilifuta vumbi kuliko anavyojifuta mwenyewe. Akabeba ndizi na muhogo kutoka milimani, akawagawia hata wale wasiokuwa na cha kumpa. Wenye bunduki walilitaka, akawaambia ni la shemeji yake, aulizwe mwenyewe Moroni. Walimpiga kofi, akarudi nalo gari.

Kilicholiua ni hivi. Petroli ilipoadimika, madereva wote wa kisiwa hiki wakafanya mtindo mmoja. Ukifika juu ya mlima unazima injini, unaliacha gari liteleze mpaka mjini, hulichomei hata tone. Nawe unakijua kisiwa chetu, kila njia ni kupanda au kushuka. Na Imrane akafanya vilevile, sote tukamsifu kwa kubana matumizi. Kumbe magari ya wenzake yanavumilia, hili la otomatiki halivumilii. Ukilizima likawa linakwenda, mafuta mekundu yanayolisha giaboksi hayazunguki, vyuma vinasagana vikavu. Hayo alituambia fundi magari wa bandarini, baadaye, alipolifungua. Mafuta yalikuwa meusi yananuka kama ukoko ulioungua. Naye fundi mwenyewe alikuwa akimsifu pamoja na sisi.

Likaanza kuteleza. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma kama inakwenda Hijja, gari halitoki. Mara linashika, mara linaachia. Mafuta mekundu hayakupatikana, si bandarini, si kwa wenye magendo. Sehemu za kubadilisha ni za kuagiza nje, na nje kumefungwa.

Wakati huo Loutfia alikuwa Tsembehou kwa mama mkwe wake, maana huko juu chakula kipo kidogo, nami nilimfuata. Unajua alivyoisubiri mimba ile. Wenzake wana wajukuu, yeye ndiyo kwanza. Akajifungua asubuhi, salama, mtoto wa kike, akamtaja jina mwenyewe, Chifaou. Akacheka, akaomba uji. Uji haujapoa, kondo la nyuma halijatoka, damu ikaanza na ikakataa kukatika. Mkunga akaniambia hili si lake tena. Hospitali iko huku Mutsamudu, na kati yetu na hospitali kuna mlima.

Gari jingine halikuwapo. Kilichokuwapo ni hilo, na petroli ya chupa. Tulimlaza Loutfia nyuma kwenye bodi la wazi la kubebea mizigo, juu ya godoro, kichwa mapajani kwangu, nimemfunika shiromani lake, lile shuka la kujitanda, mtoto nimemfunga kifuani. Imrane akawasha. Mwanzo wa mlima gari likanguruma, likasita, likaanza kurudi chini. Akajaribu tena. Wanaume wakasukuma mpaka mmoja akatapika. Gia za mbele zote zilikuwa zimekufa.

Ikabaki rivasi. Ile ilikuwa bado inashika.

Basi akaligeuza gari, akalipandisha mlima kinyumenyume, Chanfi. Mlima wote ule na kona zake. Ameshika usukani kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kiti, amegeuza shingo na mabega anatazama kupitia kioo cha nyuma. Na nyuma ndipo tulipokuwa sisi. Ili aione njia ilibidi atazame juu ya mkewe. Naye Loutfia alikuwa amelala akimtazama yeye. Walitazamana njia nzima, kioo kati yao. Mwanzoni Loutfia alimnyooshea kidole upande wa bonde, kama anamwambia angalia, mume wangu, usitutumbukize. Alikuwa na masihara mpaka hapo.

Karibu na kileleni gari likasimama. Nilidhani na rivasi nayo imekufa. Nikapiga bati la bodi, nikamwambia, "Twende, baba, tumeshafika juu." Hakwenda. Nikapiga tena kwa hasira. Injini ilikuwa inawaka, yeye ameshika usukani vilevile, anatazama. Ndipo nami nikainamisha macho kwenye kichwa nilichokipakata.

Yeye alikuwa keshaona kabla yangu.

Kushuka hakuzima injini. Petroli iishe kama inataka kuisha. Tukaingia mjini polepole, watu wakadhani tumeleta ndizi, wakatukimbilia na vikapu.

Tumemzika alasiri ileile, karibu na mama yenu. Imamu ameomba dua ndefu, nimeridhika. Waliokuja ni wengi kuliko chakula, ila hakuna aliyekula akitazama sahani ya mwenzake.

Sasa lipo hili la nyumba. Desturi naijua, usinifundishe. Nyumba ni ya mwanamke, mume ni wa kuja, mke akifa mume anarudi kwa mama yake. Dada yake Imrane alikuja kuchukua sanduku la nguo na msala wake. Nikamrudisha mlangoni, nikamwambia mwenye neno yuko Moroni na hajasema. Amenuna. Wanawake wa mtaa nao wananisema, ati bibi huyu kazeeka vibaya, anamkalisha mwanamume nyumba ya maiti.

Lakini hebu fikiri, mwanangu. Nyumba ya Loutfia sasa ni ya nani? Ni ya binti yake. Ni ya Chifaou, na kuta zake na kisima chake. Mtoto akimkaribisha baba yake nyumbani kwake, aibu iko wapi? Ila yeye hajui kusema, na wewe mjomba ndiwe unayesema badala yake. Mimi sikuombi umsamehe mtu, maana sijaona kosa. Nakuomba umsemee mtoto. Sema baba yake akae. Ukimchukua mtoto ukamlee huko, nyumba hii nitafunga mimi mlango, na mimi si wa kufunga milango mingi tena.

Gari lako liko nje ukutani. Watoto wa chuo wanalichezea, Maalim anawafukuza. Imrane haligusi. Shingo yake tangu siku ile haijanyooka, imekakamaa imegeukia kulia, anasali amepinda hivyohivyo. Tumemkanda kwa mafuta ya nazi ya moto, bado.

Nisalimie Laïla, nisalimie mama mkwe wako na wanao wote, kila mmoja kwa jina lake. Wajukuu wa Itsandra nao usiwasahau. Maalim anakusalimu, ingawa anapiga miayo. Mungu akufunike huko uliko, akuepushe na macho ya watu wenye hasira, akutie huruma moyoni kabla hujamtuma Mouzaoir na jibu.

Mtoto naye anakusalimu. Hapa tunapoandika amelala begani kwa baba yake, bega la kulia, upande ambao Imrane anaweza kumtazama.

Nikupendaye tangu ulipokuwa huwezi kutembea,
Mama yako mkubwa, Maanrifa