Kitambaa cha Zambarau Kilichobaki

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu za dada yako kutoka huku Guangzhou, Uchina. Hujambo? Watoto je? Na shemeji, mgongo wake umepata nafuu? Simu zangu hupokei, wala sikulaumu, ndiyo maana nimempa barua hii na mfuko huu jirani yangu anayerudi Mombasa. Mimi nipo, nazunguka soko la vitambaa la Zhongda mpaka miguu inavimba.

Juzi alinitembelea Amra, mwenzangu wa kununua vitambaa. Kwao ni Sarajevo, mji wa Ulaya uliozungukwa na milima. Anasema msikiti, kanisa la Waorthodoksi, la Wakatoliki na sinagogi ya Mayahudi viko karibu karibu, hata mwenye goti bovu huvizunguka vyote kabla chai haijapoa. Bibi yake akimpelekea jirani sinia ya baklava kila Idd, na jirani, Mkristo, akimletea mayai mekundu kila Pasaka. Vita vilipokuja jirani alifungasha akahama. Bibi alimwona, akajificha nyuma ya pazia, maana alikuwa na hasira na watu wa dini ya jirani. Mji ulijengwa tena, jirani hakurudi. Kila Pasaka bibi alipaka mayai rangi mwenyewe, akayaweka dirishani, mpaka alipokufa.

Nikamwambia, "Bibi yako alikuwa na kichwa kigumu!"

Amra akanyoosha kidole kabatini kwangu. "Na kile kitambaa cha zambarau, mbona hukiuzi?"

Zuhura, nililia mbele ya mgeni.

Kwenye harusi ya binti yangu Salma sote tulivaa sare ya zambarau. Wewe peke yako ulivaa gauni la bluu, ukakaa karibu na mlango. Mama aliponiuliza sare yako iko wapi, nilimwambia kitambaa kimepungua. Nilisema kama wauzaji wa hapa wanavyosema "meiyou", hakuna, bila hata kugeuka kutazama rafu. Mama alizikwa akiamini hivyo. Hakikupungua, mdogo wangu. Nilikunyima kwa sababu uliolewa kanisani, na nilitaka watu waone. Kilichobaki nikakirudisha huku ili mtu asikione.

Msalimie shemeji, wanao, na shangazi yetu anayekula kwako kila Jumapili kisha ananiambia hajui habari zako. Salma bado anauliza kwa nini mama yake mdogo haji tena.

Kitambaa kimo mfukoni, sijakikata. Ukitaka kukitia moto, ni haki yako. Nikija Desemba nitavaa sare yangu, nisimame mlangoni kwako, hata usiponifungulia.

Dada yako,
Mwanaisha