Aliyeniambia Sauti Yangu Imeharibika

Kibokoni, Mombasa
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Amani ya Bwana Yesu iwe nawe, na Baba, na wote walioko hapo Wundanyi. Natumai baridi ya huko haijakusumbua kifua. Mimi nala vizuri, nalala vizuri, na chumba cha juu nilichopanga nyumbani kwa kina Alawiya bado chanipendeza. Wananihesabu mtoto wao, ingawa wao waenda msikitini na mimi kanisani.

Nina habari, Mama. Tafadhali isome taratibu mpaka mwisho.

Unajua kwaya yetu ilikuwa inajiandaa kurekodi nyimbo za Pasaka. Msimamizi alikuwa kijana aitwaye Kiti, mtu wa maneno matamu. Kila baada ya mazoezi alinisifu mbele ya wenzangu, akisema Mombasa nzima haina sauti kama yangu. Ilipoanza kukwaruza, akasema ndiyo kwanza imezidi utamu. Nilimwamini. Nani asiyependa kusikia hivyo? Basi kutwa nilipokea simu za wateja wa malori kazini Shimanzi, na jioni nikaimba mpaka koo likawaka.

Alawiya alikuwa akinisikia kupitia dirisha. Siku moja akapanda na chai ya tangawizi, akaketi kitandani kwangu.

"Naomi, nikwambie kweli au nikupambe?"

Nikamwambia aseme.

"Sauti yako imeharibika, na si mafua. Acha kuimba, wende hospitali."

Nilimjibu vibaya, Mama. Nilimwambia yeye hajui nyimbo za kanisani, na kwamba ana kijicho. Hakubishana, alichukua kikombe chake akashuka. Asubuhi akanisalimu kama kawaida, kisha akauliza, "Hospitali waenda lini?"

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya wale waliomwendea Yesu na sifa nyingi, wakimwita mwalimu wa kweli, kumbe wamekuja kumtega. Akasema Yesu aliwaita wanafunzi wake rafiki kwa kuwa hakuwaficha neno, hata lile lililomuumiza Petro. Niliinama pale kwenye benchi. Aliyenipamba nilimfanya rafiki, na aliyenihurumia nikamwita mwenye kijicho.

Tulipotoka nilimuuliza Kiti kama aliwahi kusikia kasoro yoyote kwenye sauti yangu. Alicheka. Akasema amesikia tangu zamani, lakini angeniambia, nani angeimba? Tumalize kurekodi kwanza, kujitibu baadaye. Nilirudi Kibokoni nikamwomba Alawiya msamaha, naye akaniambia niandae viatu vya kutembelea, kesho twende hospitali pamoja.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, Mama. Nimefanyiwa upasuaji wa koo. Daktari alikuta uvimbe mdogo kwenye nyuzi za sauti. Ameutoa, na vipimo vinaonyesha si ugonjwa mbaya. Ila alinikataza kutoa sauti, hata kunong'ona. Ndiyo sababu simu zako sikuzipokea. Sikutaka upande gari kwa hofu, basi nilimwandikia Alawiya kwenye simu, nikamwomba akupokelee aseme nimesafiri. Alikataa katakata. Akasema, "Mamako simdanganyi. Mwandikie mwenyewe, umwambie yote." Akaniletea karatasi na kalamu.

Daktari anasema sauti ya kuzungumza itarudi. Ile ya juu, ya kuimbia, hana hakika. Nililia siku hiyo, kisha moyo ukatulia. Kiti amepata mwimbaji mwingine na hajaniulizia. Kazini wamenipa kazi ya kompyuta kwa sasa. Na Alawiya, aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda changu cha hospitali, bado ananipikia uji kila asubuhi.

Jana niliruhusiwa kusema maneno machache. Nikamwita kutoka juu ya ngazi. Alisimama, akasikiliza, akasema, "Bado mbaya. Kama bawaba ya mlango." Nilicheka kimya kimya mpaka machozi yakanitoka. Mama, siku atakayoniambia imekuwa nzuri, sitamuuliza mtu mwingine.

Msalimie sana Baba, na shangazi pia. Nipigie Jumamosi, nitapokea, ila wewe ndiye utakayezungumza zaidi. Bwana awalinde.

Mwanao akupendaye,
Naomi