Shokapu Mbili Fupi kwa Pijo ya Baba

Alhamisi, 14 Novemba. Chonyonyo. Mvua imenyesha tangu saa nane mchana, sasa yamebaki manyunyu. Nina hasira, na nikitafuta wa kumkasirikia namkuta mtu mmoja tu, naye ndiye anayeandika hapa.

Nitaandika kwa mpangilio. Nisipofanya hivyo nitaanza kuwalaumu watu ambao hawajakosa.

Leo shokapu zimefika kutoka Murongo. Leo hii hii zimekataa kuingia kwenye gari.

Kwa unayesoma hapa kwa mara ya kwanza: nina kitalu cha miche ya kahawa, kipo kati ya kibanja chetu cha migomba na barabara. Miche naipeleka kwa wateja kwa pikapu aliyoniachia baba, Pijo 504 ambayo imenizidi umri kwa miaka miwili. Injini yake haina maneno. Tatizo ni shokapu za nyuma. Zimevuja mafuta yote, na shokapu isiyo na mafuta ni bomba tu. Gari likiingia kwenye shimo moja linaruka mara tano.

Mimi navumilia, Mungu alinipa mgongo mzuri. Mche wa kahawa hauvumilii. Umekaa ndani ya kiriba chake cha nailoni, udongo umeshikana na mizizi. Ukirushwarushwa njia nzima, udongo unapasuka ndani kwa ndani na vimizizi vinakatika. Kwa nje huoni kitu. Majani bado ni ya kijani, mteja anapokea, anashukuru, anapanda. Wiki moja baadaye mche unainamisha kichwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miche niliyopeleka Nyakatuntu mwezi uliopita. Mzigo wa pili unatakiwa huko Jumamosi hii, keshokutwa.

Kwa hiyo wiki tatu nimetafuta shokapu.

Kayanga nilianza na duka kubwa la vipuri. Kijana wa kaunta aliitazama picha ya gari kwenye simu yangu, akamwita mwenzake naye aje kutazama.

"Mama, hii bado inatembea au mnafugia kuku?"

Nilimjibu kwamba inatembea na ndiyo iliyonileta. Alicheka, akasema hana, akashauri ninunue gari. Duka la pili walikuwa na shokapu za basi dogo, wakaniambia "tutalazimisha, itakubali." Sikupenda neno kulazimisha. Binamu yangu aliyeko Bukoba aliulizia mpya kabisa, akanipigia kunitajia bei, nikamwomba arudie nikidhani amejumlisha na magurudumu. Alirudia. Ilikuwa ya shokapu tu. Kwa bei hiyo ningeuza kitalu ili nipate gari la kubebea miche ya kitalu.

Fundi wangu, Rwegasira, ndiye aliyenielekeza Murongo. Mpakani pale kuna mzee mmoja, Mzee Shabani, mwenye banda la vipuri vya magari ya zamani vinavyotoka ng'ambo. Bei zake ni za watu kama sisi. Rwegasira aliniambia jambo moja tu, na alilisema mara mbili: "Peleka gari lenyewe. Mzee ataingia uvunguni aone mwenyewe."

Sikupeleka gari.

Hapa ndipo panapouma. Nilijiambia mafuta ni ghali na barabara ina utelezi. Ukweli ni kwamba najivunia kupima na kuandika. Kila mche wa kitalu changu una tarehe. Rwegasira ananiita Dada Karani, nami nalipenda jina hilo kuliko ninavyomwonyesha. Niliona aibu kupeleka gari zima mpakani kama mgonjwa asiyejua anaumwa wapi, wakati ninayo futi na kalamu.

Kwa hiyo nilimwambia Rwegasira afungue shokapu moja ya zamani. Nikaja nayo nyumbani, nikaifuta kwa tambara, nikailaza mezani, nikapima kutoka tundu la juu hadi tundu la chini. Sentimita thelathini na nane. Nikapima tena. Thelathini na nane. Nikapiga picha nikiwa nimelaza futi pembeni, nikamtumia Mzee Shabani, kisha nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeiona. Wewe umesoma, eh? Watu hunitumia picha wamepima kwa kidole."

Nilifurahi siku nzima.

Leo saa saba bodaboda amenishushia kifurushi. Shokapu mbili, si mpya, ila kavu, hazijavuja, ukizibana kwa mikono zinarudi polepole kama zinavyotakiwa. Nikaendesha hadi kwa Rwegasira, banda lake liko hapa chini njia panda. Akapiga jeki nyuma, gari likanyanyuka, magurudumu yakaning'inia. Akafunga shokapu ya kwanza kwa juu. Akaivuta chini mpaka mwisho wake.

Haikufika. Ilibaki nafasi ya kiganja kizima kati ya tundu la shokapu na mahali pa kufungia.

Nikamwambia vuta. Akasema imeisha. Nikamwambia basi tunyanyue ekseli kwa jeki ya pili mpaka zikutane, tufunge, twende zetu.

"Itaingia," akasema. "Na shimo la kwanza kabla ya kanisani itang'oka na chuma chake."

Akaniomba ile ya zamani niliyokuwa nimeipima. Akaishika ncha mbili, akaivuta. Ikafunguka taratibu kama panga linatoka alani, bila ubishi wowote, thelathini na nane, arobaini, arobaini na nane. Akaiachia, ikabaki hapo hapo. Akaisukuma, ikafunga hadi thelathini, ikabaki hapo pia.

Ndiyo maana ya shokapu kufa. Inakaa popote ulipoiacha. Mimi niliipima ikiwa imekaa katikati, nikaandika kana kwamba huo ndio urefu wake. Mzee Shabani, aliyeamini kwamba nimesoma, akanitafutia shokapu ambayo ikifunguka yote inafika thelathini na nane.

Rwegasira alicheka hadi akakaa juu ya tairi.

"Dada Karani! Umempima mtu amechuchumaa, ukamshonea suruali!"

Ningecheka na mimi kama ingekuwa shokapu tu.

Gari likiwa bado kwenye jeki, simu ikaita. Alikuwa Mama Koku, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wanawake wa Nyakatuntu, wateja wangu. Alikuwa anahakikisha mzigo wa Jumamosi. Tangu Jumanne nimemwambia gari limeshapona. Jumanne shokapu zilikuwa hata hazijatoka Murongo.

Akanisomea orodha ya watakaopewa miche. Akamaliza kwa kusema: "Joselina nimemtoa, waitu, ndugu yangu. Yule mche utamfia tu, hajui kumwagilia. Tusikupotezee kazi yako."

Nikasema: "Sawa."

Nimeandika sawa. Ndilo neno nililosema.

Sasa nieleze, maana ndilo lililonikalisha mezani badala ya kwenda kufunga mbuzi. Miche ya mwezi uliopita ilipoanza kunyauka, Mama Koku aliitisha kikao, nami nikaalikwa kama mtaalamu. Wanawake kadhaa walikuwa wamepoteza mmoja mmoja, wawili. Ma Joselina, mjane mwenye kishamba chini ya kigango, alipoteza karibu yote. Wakamsimamisha. Wakamuuliza kama alimwagilia. Akasema alimwagilia asubuhi na jioni, maji ya kubeba kichwani kutoka chemchemi. Mmoja akasema, "Labda ulimwagilia kwa mdomo." Watu wakacheka. Ma Joselina akaketi, akaanza kukunja pindo la kitenge chake, akawa anakunja na kukunjua.

Mimi nilikuwa benchi la mbele. Walinigeukia, nikasema kwamba ndiyo, mche mchanga unataka maji mengi.

Ni kweli, unataka. Ukitaka kudanganya vizuri, tumia jambo la kweli.

Siku ile nilikuwa sijui, nilikuwa nahisi tu. Leo najua, na nimejua kwa sababu ya tabia yangu hii ya kuandika. Niliporudi kutoka kwa Rwegasira nimefungua daftari la siku ya mzigo ule. Nimeandika hata jinsi nilivyopakia, kwa kufuata orodha yao. Walioandikwa kwanza, miche yao ilikaa karibu na kichwa cha gari. Wa mwisho, nyuma kabisa, karibu na bango la kufungia mzigo, nyuma ya magurudumu, pale ambapo gari hili likiruka panaruka zaidi ya kwingine kote.

Wa mwisho kwenye orodha alikuwa Joselina.

Nimeusoma mwandiko wangu mwenyewe, mzuri, umenyooka, na kila kitu kimo. Mjane yule alibeba maji kichwani siku kwa siku akimwagilia miche niliyoiua mimi njiani. Sasa ametolewa, na msimu wa kupanda unaisha, na jina la mvivu atabaki nalo kijijini kwake.

Ningeweza kunyamaza. Kitalu hiki ni jina langu. Kikundi kile kikiondoka, vikundi vingine vitasikia, kwa sababu Kyerwa na Karagwe si mbali kwa maneno. Nimefikiria hivyo kwa dakika nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, nikiangalia shokapu mbili nzuri zisizo na makosa yoyote zilizolala mlangoni kwangu.

Niliacha kuandika hapo, nikapiga simu.

Sikupamba. Nilimwambia Mama Koku gari halijapona. Nilimwambia kuhusu kuruka, viriba, mizizi, na nani alikuwa nyuma. Nilimwambia nilichosema kikaoni, na nilichoficha. Upande wa pili nilisikia mvua juu ya bati lake, na mtoto akiulizia chumvi.

"Mawe!" akasema mwishowe, kwetu ni kama kusema mama yangu. Kisha: "Kwa hiyo Joselina alimwagilia."

"Alimwagilia."

"Na mimi nikamsimamisha mbele za watu."

Akamwelekeza mtoto ilipo chumvi, kisha akanirudia.

"Basi Jumamosi hiyo miche yako iache huko huko. Njoo wewe. Njoo na mdomo huo huo unaoongea nao sasa, useme yote mbele yetu, naye akiwa amekaa."

Nikamuuliza kama wataendelea kuchukua miche kwangu. Akasema hilo wataamua nikishasema, siyo kabla. Akakata.

Mpangilio ni huu. Kesho alfajiri naenda Murongo na gari tupu, pamoja na Rwegasira. Tutapima gurudumu likining'inia, tutapima likiwa chini, na Mzee Shabani ataingia uvunguni akitaka. Hizi fupi hatazipokea, moja imeshakwaruzwa na spana, na sitamwomba. Hata tukipata za kufaa, Jumamosi sipakii kitu. Nitakwenda Nyakatuntu kwa bodaboda. Katika mizigo yote ya baadaye, kama itakuwepo, miche ya Ma Joselina itakaa mbele, na nimeshaweka kando miche yake, ile mikubwa ya mstari wa juu. Lakini naona miche si jibu la kilichompata. Hakudai miche siku ile. Alisema tu kwamba alimwagilia.

Amenizidi umri, kwa hiyo nitaanza na shikamoo. Nimejaribu kuandika sentensi itakayofuata baada ya hapo. Nimeifuta mara nne.

Mnaosoma hapa, msinisaidie. Hii ni lazima niipate mwenyewe.