Mifuko Isiyotoa Maji

Kaka Eliakimu,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu ndivyo mama alivyonilea, lakini leo salamu yenyewe imenitoka kwa shida. Mama goti lake linaendeleaje? Najua baridi ya miezi hii haimpi usingizi, na hapo Kimandolu ukungu wa Meru ukishuka unamkuta mtu hadi kitandani. Baba bado anashinda karakanani na mahema yake? Wifi na mtoto hawajambo? Mimi huku Mafia mwili ni mzima. Moyo ndio unaochemka, na wewe sababu unaijua, kwa hiyo vuta kigoda ukae.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako imekuwa na maajabu. Tukiongea habari za mvua na mahindi inasikika vizuri kabisa. Nikitaja mifuko tu, mtandao unakata. Ni mtandao gani huo wenye masikio? Haya, karatasi haina mtandao.

Bakari amevunjika mtulinga. Bakari ndiye anayewaongoza wageni kwenda chini ya maji hapa kazini kwetu. Ndiye aliyenipokea nilipofika sijui hata ngalawa inapandwaje, na ndiye aliyemshawishi meneja kwamba kwetu Arusha kuna mafundi wa mahema wanaoweza kuongeza mifuko kwenye suti za kuzamia. Sasa kalala na bega limefungwa, na nusura afukuzwe kazi. Kilichomvunja ni mifuko yetu, kaka. Yetu sisi.

Nikukumbushe tulivyopatana, maana naona umesahau. Nilikueleza kwamba suti zile za mpira zinabana mwili mzima na hazina hata mfuko mmoja, na mzamiaji anahitaji mahali pa kuweka tochi, miwani ya akiba na lile boya dogo la kumwonyesha nahodha alipoibukia. Nikasema mifuko ikae pajani, na chini ya kila mfuko mtoboe tundu, mzitie pete za chuma kama zile za kupitishia kamba za hema. Ukanicheka. Ukaniuliza mfuko wenye tundu ni mfuko gani. Nikakueleza polepole kama mwalimu wa chekechea kwamba baharini maji yataingia tu, upende usipende, na kazi ya tundu ni kuyatoa mtu anapopanda juu. Ukasema umeelewa. Ulisema kwa mdomo wako mwenyewe.

Suti mbili za kwanza zilipofika nilitembea nazo nikijidai. Mshono umenyooka, pete zinang'aa, kila mtu anauliza fundi ni nani. Bakari akavaa moja akaenda nayo kazini. Wakati wa kurudi bahari ilikuwa imechafuka. Akawapandisha wageni wote kwanza, kisha akashika ngazi ya boti, mtungi wa hewa ukiwa bado mgongoni. Mawimbi yakashuka, na miguu ikamvuta chini kana kwamba ameshikwa na mtu. Mkono ukateleza, bega likapiga ukingo wa boti. Nahodha anasema walipomvuta ndani mifuko ilikuwa imevimba kama ndoo mbili, na maji hayakutoka hata tone.

Jioni ile niliushika mfuko nikaugeuza ndani nje. Nikakuta kiraka cha turubai la kijani kimegandishwa juu ya zile tundu, kikapakwa nta juu yake. Kazi safi sana. Kwa nje pete, kwa ndani ukuta.

Nilipokupigia ulianza kwa kusema labda gundi ilimwagika. Gundi gani inamwagika ikakata turubai mviringo, Eliakimu? Nilipokubana ndipo ukasema kweli. Kwamba wewe ulitoboa kama nilivyosema. Kwamba baba alikuja asubuhi akaziona tundu, akakasirika, akasema tangu aanze ufundi hakuna kitu kimetoka kwenye karakana yake kinavuja, akakaa akaziziba mwenyewe moja moja, suti zote. Na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo.

Nikakuuliza kwa nini hukumwambia.

"Sasa mimi ningemwambiaje mzee?" ukasema.

Hilo ndilo linalonitafuna hadi leo. Baba simlaumu. Maisha yake yote amepigana na mvua ya Meru. Kwake yeye tundu ni aibu, na hakuna aliyemwambia kwamba hii ni nguo ya kuvaliwa ndani ya maji. Wewe ulijua. Ulimtazama anaziba, ukazikunja suti, ukazifunga kwenye boksi na kuzipeleka stendi, huku unajua. Nusu dakika tu ya kusema, "Baba, hizi zinaachwa makusudi." Angefoka, ndiyo. Angekuita mtoto mjuaji. Halafu? Ungekufa? Heshima si utumwa, kaka, na hiyo yako wala si heshima. Ni woga umeuvalisha koti la kanisani.

Na hujasikia bado. Bakari alimwambia meneja ameteleza kwa uzembe wake. Meneja akasema kiongozi anayeanguka ngazini mbele ya wageni si kiongozi, apone akatafute kazi kwingine. Nikaenda kwake. Nikamkuta mkewe anamlisha uji kwa kijiko, watoto wamekaa mlangoni. Nikamuuliza kwa nini amejisingizia. Alijua habari ya kiraka, nilikuwa nimeshamweleza.

"Dada Naomi," akaniambia, "mimi ni kijana, kazi nitapata. Mzee wako jina lingine atalipata wapi?"

Nilitoka pale nalia kwa hasira. Mtu asiyemjua baba hata kwa sura anampa mkate wa watoto wake, na wewe uliyelelewa naye umeshindwa kumpa neno moja! Mficha uchi hazai. Niliichukua suti, nikaenda ofisini kwa meneja, nikaugeuza mfuko mbele yake. Nikasema hii ni kazi ya kwetu, kosa ni la kwetu, Bakari hana hatia. Akatia kidole kwenye pete, kikagota kwenye kiraka. Bakari amebaki na kazi yake. Sisi tumeikosa yetu. Suti zilizobaki hapo karakanani mzirudishe, na hakuna nyingine itakayokuja.

Sasa nakujua wewe. Hapo ulipo umeshaanza kutunga cha kumwambia baba. Kwamba wageni wamepungua, au wazungu wamebadili mawazo. Usithubutu. Chukua suti moja, jaza maji beseni, uchovye ule mfuko na kuunyanyua mbele yake. Baba ni fundi, ataelewa kabla hujafungua mdomo. Kisha mvibandue viraka pamoja, yeye na wewe, ndipo mzifunge suti kwenye boksi. Wala usimfiche habari ya Bakari. Mwambie ana mke, na mwambie alichosema.

Desemba napanda huko. Usiponitangulia, nitamwambia mimi, tena mbele yako.

Mama mpe pole ya goti na umwambie kitenge chake nimeshakinunua. Wifi nisalimie sana. Huyo ndiye wa kukusomea barua hii kwa sauti ukijifanya huoni vizuri. Mbusu mtoto. Bibi kule Akheri mwambie shikamoo yake naileta mwenyewe.

Baba usimpe salamu zangu kwanza. Mpe kweli, kisha ndipo umpe salamu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukasirikia kwa sababu sina kaka mwingine,

Naomi