Kisima cha Marehemu Athumani

Chundwa

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Natumai umeamka salama, na lile goti limekuruhusu kusali umesimama. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia. Tulipozungumza kwa simu uliniuliza kama watu bado wanateka maji kwenye kisima cha Athumani. Nikasema ndiyo, ukafurahi hata ukalia, nami nikashindwa kuendelea. Ndiyo maana nakuandikia.

Kazi yangu unaijua. Tangu nilipokuwa nikiwabebea watafiti mikoba nyumba kwa nyumba, hadi leo ninapouongoza utafiti mwenyewe, nimeshika jambo moja: watu wajipimie, wajionee. Safari hii kila mtaa ulitia maji ya kisima chake kwenye chupa yenye dawa, tukazipanga barazani mwa msikiti. Maji yenye uchafu wa choo hugeuka meusi. Chupa zote zilibaki nyeupe isipokuwa moja. Ya kisima chetu ilikuwa kama wino wa pweza.

Vyoo vya shimo vilivyochimbwa upande wa juu, baada ya wewe kukijenga, vinavuja chini kwa chini. Masika yakianza mashimo yatajaa. Sheria ya kufunga visima vya namna hii niliipigania mwenyewe kwenye vikao vya Amu, kwa ushahidi wa vijiji vya watu wengine.

Hapa hakuna anayethubutu kukifunga. Imamu aliniambia kwa upole, "Bi Mwanaidi, hiki ni wakfu. Mamako alikitoa kiwe sadaka ya mwanawe isiyokatika. Wewe wataka kumkatia nduguyo thawabu kaburini?"

Jirani yangu Bi Rukia akadakia, "Mwache! Amesoma mpaka mai ya Mungu ayaona ugonjwa."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mama.

Jana nilimkuta Bi Rukia akimnywesha maji ya kisima hicho mjukuu wake anayeharisha. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Nikamwomba angalau ayachemshe. "Haya si ya kuchemsha, mwanangu. Ni mai ya sadaka, yana baraka ya marehemu."

Nilimbeba mtoto mwenyewe hadi zahanati, akalazwa. Niliporudi nilikuta wanawake wawili kisimani, wakimtekea mtoto maji ya kumpelekea huko.

Namkumbuka Athumani alivyozoea kunywa amesimama, nawe ukimfokea, "Kaa kitako, wewe!" Akikaa, kikombe kimeshaisha. Hakuwahi kumdhuru hata paka. Sitaki jina lake litajwe kwenye misiba ya watu.

Imamu amesema neno lako litatosha, na kwamba sadaka yaweza kuhamia kwenye birika la maji ya mvua pale msikitini. Mpigie, Mama. Usingoje nije Shela tuzungumze.

Nisalimie shangazi, mshona kofia wetu, umwambie macho ayapumzishe. Msalimie na binamu Fumo wa hotelini, na mkewe.

Asubuhi hii wameniita nyumba nyingine mbili zenye wanaoharisha, zote za upande wetu. Upande wa bara kumetanda mawingu. Kufuli nimeshanunua. Mvua ikitangulia simu yako, nitakifunga mimi, nanyi mnisamehe, wewe na Athumani.

Ni mimi, mwanao uliyebaki naye,
Mwanaidi