Pingamizi la Mzee Kongoto

4 Februari

Kwako mwanangu Kalamu,

Pokea salamu za baba yako, ni nzito kama fuawe, zipokee kwa mikono miwili zisikuangukie mguuni. Mimi ni mzima, tena mzima kuliko vijana wa mtaa huu wanaopanda ngazi tatu wakaomba maji. Sijui wewe huko, na hao wakubwa zako wa ofisini, kama wanakuachia nafasi ya kupumua.

Sasa sikiliza. Jana nilikuwa bandani nanyoosha karai la muuza maji, nikaona kivuli. Kuinua macho, ni kijana kavaa kizibao cha manjano kinachong'aa, kifuani kimeandikwa halmashauri. Akasema, "Shikamoo mzee, mimi ni afisa wa kero." Nikamwambia, "Marahaba. Kero ndiyo wewe mwenyewe au umeileta?" Waliokuwepo wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Watu wa serikali hawakuajiriwa kucheka.

Akanibandikia karatasi mlangoni kwa gundi, juu ya rangi niliyopaka kwa mkono wangu. Kumbe kuna sheria ndogo mpya ya usalama na utulivu wa mitaa. Mbwa wafungwe, taka zisichomwe, muziki upunguzwe, na kazi za makelele zisifanyike kwenye makazi ya watu mpaka kamati iruhusu. Kuna mtu kanishtaki. Nikitaka kuendelea nipeleke pingamizi la maandishi, kamati inakaa tarehe kumi na moja Machi. Nisipopeleka, banda linafungwa.

Banda langu! Miaka arobaini na mbili nafua bati hapo. Nusu ya ndoo za mtaa huu nimezizaa mimi. Wananiita Mzee Kongoto, kwa mlio wa nyundo yangu, na mtu hapewi jina hilo kwa kulala.

Anayelala namjua. Ni yule nesi aliyehamia upande wa pili wa ukuta, anafanya zamu ya usiku, halafu mchana anataka dunia nzima inyamaze. Ndiye mshtaki, hakuna mwingine.

Wewe ni karani wa halmashauri huko uliko, sheria hizi unazichapa kila siku. Niandikie pingamizi. Si kwamba mimi siwezi kuandika, hii si ninaandika? Lakini serikali hupenda barua iliyochapwa, yenye maneno marefu. Karatasi yao nimeibandua kwa maji moto nikaitia humu ndani. Nimeshawaambia wote hapa: subirini, binti yangu anakuja na kalamu.

Ni mimi baba yako.


13 Februari

Shikamoo Baba,

Barua yako imenikuta salama, na nimeisoma nikicheka na kuogopa kwa pamoja. Mimi sijambo. Kifua kilichonisumbua mwezi uliopita kimepoa. Na wewe mkono unaendeleaje? Hukuutaja, na ukinyamazia kitu Baba, najua kipo.

Notisi nimeisoma. Ni sheria kama ya kwetu huku. Nisikufiche, kwetu nimeona wazee watatu wakipinga, wote wameshindwa, na waliokaidi walikuja kuchukuliwa vyombo vyao kwenye lori, watu wakitazama.

Baba, usinikasirikie. Nilipokuja mara ya mwisho nilisimama mlangoni pa banda nikakuita mara tatu hukunisikia. Dole gumba la kushoto lilikuwa jeusi. Uliniambia umebanwa na mlango. Mlango gani, Baba, na mlango wa banda huufungi mpaka usiku?

Nina chumba cha pili hapa, dirisha linatazama barabara, utaona watu kutwa. Hujafikiria kupumzika?

Ni mimi binti yako, Kalamu.


20 Februari

Kwako Kalamu,

Salamu ni zile zile, sitaki kuzirefusha maana umenitibua. Mimi ni mzima. Dole ni zima. Masikio yanasikia yanachotaka, na yalikuwa hivyo tangu marehemu mama yako akiwa hai, muulize yeyote.

Chumba chenye dirisha! Nikae nihesabu magari kama mlinzi asiye na geti? Mwanangu, asubuhi sinyanyuliwi na miguu, nanyanyuliwa na nyundo. Siku nisiyopiga bati mwili wote unauma, nikipiga bati unauma mkono tu. Sasa wewe msomi nipigie hesabu hiyo.

Huyo nesi nilikutana naye ukutani Jumapili, anaanika shuka. Nikamwambia, "Mama, umenishtaki." Akasema, "Mzee wangu, nimeomba nipate usingizi." Nikamwambia, "Usingizi hauombwi halmashauri, huombwa kitandani." Akasema, "Kitandani naufikia saa mbili asubuhi, wewe saa mbili na robo unaanza ngo ngo ngo." Nikamwambia, "Basi lala kwa robo saa, wengine hatuna hata hiyo." Akanitazama, akacheka, akaingia ndani. Mwanamke ana mdomo, lakini simuogopi.

Niandikie hiyo barua. Weka miaka arobaini na mbili. Weka kwamba nilitengeneza paa la shule na sikuvuja mimi wala paa. Weka kwamba sihami, silali, sinyamazi. Kama hutaki sema, nitafute mtoto wa mtu.

Baba yako.


27 Februari

Shikamoo Baba,

Usitafute mtoto wa mtu. Barua hiyo nimeiambatanisha, imechapwa kiserikali, karatasi mbili. Miaka arobaini na mbili ipo, paa la shule lipo. Weka sahihi yako chini ya karatasi ya pili, pale kwenye mstari.

Isome kwanza, Baba. Isome yote. Kama kuna usichokipenda nirudishie.

Huku mvua zimeanza. Nakuombea afya na utulivu wa moyo. Chochote ninachofanya nakifanya nikiwa nakuwaza wewe.

Binti yako.


12 Machi

Kwako wewe,

Sina salamu. Nimezitafuta tangu jana sikuziona.

Nataka nikusimulie kikao, maana hukuwepo na ulikuwepo. Nilivaa koti la harusi yangu, bado linanitosha, limekaza kidogo tu mgongoni. Chumba kilijaa. Kamati watu watano mezani, mwenyekiti, na katibu mwenye miwani. Mtaa ulikuja wote, mimi ndiye niliyewaita. Barua nilikuwa nimeipeleka ofisini wiki nzima kabla, bahasha imegundishwa na juu nimeandika ifunguliwe kikaoni, kwa miguu yangu, nikakataa kumpa mtu aipeleke.

Nesi akasimama wa kwanza. Unajua alisema nini? Alisema hataki banda lifungwe. Kasema ndoo yake nimeiziba mimi, karai lake nimelitengeneza mimi, anachoomba ni nisipige asubuhi. Alasiri nipige mpaka nichoke. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Hilo mbona ni dogo? Mzee aanze saa nane, amalize saa kumi na mbili, tumuandikie kibali." Wenzake wakaitikia. Nasema wakaitikia, niliwaona kwa macho yangu.

Mimi nikanyanyua mkono. Nikasema, "Kwanza pingamizi langu lisomwe! Binti yangu ni mtu wa sheria. Lisomwe kwa sauti, na mlango ufunguliwe walioko nje wasikie."

Mlango ukafunguliwa.

Katibu akaanza. Miaka arobaini na mbili, watu wakapiga makofi. Paa la shule, makofi. Akageuza karatasi. "Kwa kuzingatia umri wangu, hali ya masikio yangu na majeraha ya mara kwa mara, natamka kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu, kwamba sipingi notisi hii, na naiomba kamati ilifunge banda langu moja kwa moja."

Aliposema moja kwa moja alishusha miwani akanitazama.

Kuna mtu nyuma alicheka, halafu akanyamazishwa. Mwenyekiti akaniuliza, "Mzee, sahihi hii ni yako?" Nikaitazama. Ile sahihi yangu yenye mkia, ambayo nikiiweka watu huisifu. Nikasema yangu. Akasema, "Uliisoma kabla ya kusaini?"

Ningesema nini? Watu wote wale, na koti la harusi. Nikasema, "Neno kwa neno."

Ukweli nilisoma juu. Niliona jina langu, nikaona miaka yangu, nikasema mtoto amefanya kazi, nikageuza nikasaini. Yale ya chini ni maneno marefu, macho yangu huyapita kama mtu anayepita kwa mdai wake. Na wewe ulijua. Umekaa na mimi miaka ishirini, unajua nasoma mpaka wapi.

Mwenyekiti akasema mwenye banda akiomba mwenyewe lifungwe, kamati haina uwezo wa kumlazimisha kulifungua. Wakafunga.

Nesi ndiye aliyenishika mkono tukatoka.

Nilikuwa na nyundo mkononi miaka yote hii, sijawahi kumpiga mtu. Wewe umenipiga kwa karatasi mbili.

Baba yako.


18 Machi

Shikamoo Baba, hata kama hutaitikia.

Sijambo siwezi kusema. Naomba uwe mzima.

Sikujua kuhusu Nesi. Sikujua kama wangekupa alasiri. Kama kuna jambo moja uniamini tena maishani, niamini hilo. Nilidhani utashindwa kama wale wa huku, na lori lije, na wewe ung'ang'anie fuawe mpaka uanguke nayo. Nikasema afadhali lifungwe kwa barua kuliko kwa askari.

Nilijua hutasoma karatasi ya pili. Niliandika "isome yote" nikijua. Nilitaka nipate la kujitetea nalo. Nimeshaulizwa na moyo wangu na halijanitetea.

Na nikwambie lililo chini ya yote: nilikuwa naogopa kukuambia usoni. Tangu utoto nakuogopa ukikasirika, Baba, na nimekuwa mtu mzima bado nakuogopa. Kila simu ikilia nadhani ni mtu wa mtaani ananiambia nyundo imekuua. Nilichoka kuogopa pande zote mbili.

Sasa sikiliza, hili ni la kweli, nimelisoma kwenye sheria yenyewe. Kuna rufaa, siku kumi na nne tangu kikao, yaani mwisho tarehe ishirini na tano. Nenda useme barua iliandikwa na mtu mwingine kwa hila na hukujua kilichomo. Watakuuliza ni nani. Uwatajie jina langu na kazi yangu. Barua inabatilika, unapewa alasiri yako.

Karani wa halmashauri akionekana kaandika tamko la uongo kwa jina la mtu, kazi hana tena. Hilo lisikuzuie. Nitaje. Sitakukana.

Binti yako.


3 Aprili

Baba, shikamoo.

Tarehe ishirini na tano imepita. Hapa ofisini hakuna aliyekuja kuniuliza lolote. Kila mlango ukifunguliwa nasimama.

Ulikwenda? Una hali gani? Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Binti yako.


9 Aprili

Kwako Kalamu,

Mimi ni mzima. Umeomba mstari mmoja, nitakupa zaidi, sijawahi kuwa mtu wa kutoa kidogo.

Nilikwenda, tarehe ishirini na nne. Nesi alinisindikiza, hakulala siku hiyo. Njiani kanifundisha la kusema kama mtoto anayepelekwa shule. Ofisini alikuwepo yule yule wa kizibao cha manjano. Akanikaribisha kiti, akatoa fomu. Kijana mzuri, kumbe ukimzoea anacheka.

Akasema, "Mzee, hili jepesi. Taja tu aliyekuandikia, jina na anakofanya kazi, nijaze hapa. Kibali chako cha alasiri kipo kwenye faili, hakikuchanwa. Wiki ijayo unapiga bati."

Kalamu yake ilikuwa tayari imegusa karatasi. Nesi akasema, "Haya, mzee wangu, sema."

Mdomo nikaufungua. Jina lako lilikuwa mbele kabisa, kwenye ulimi. Halafu nikamsikia mtu anasema, "Niliandika mwenyewe. Mnadhani mimi sijui kuandika?" Kumbe ni mimi.

Nesi akanivuta mkono wa shati. "Mzee, acha hayo." Kijana akasema, "Mzee, hii imechapwa kwa kompyuta." Nikamwambia, "Na mimi nimeichapa kwa kompyuta. Vidole kumi vyote." Akanitazama dole gumba. Akaweka kalamu chini. Akasema kama niliandika mwenyewe kwa akili zangu, basi hakuna rufaa. Nikamshukuru.

Nimejisifu maisha yangu yote, mwanangu, na kujisifu hakujawahi kuniuma kama siku hiyo.

Ijumaa walikuja kuweka kufuli. Fuawe nimempa muuza vyuma, wanaume wanne waliibeba, mimi nilikuwa naibeba na mwenzangu mmoja. Asubuhi sasa kumetulia. Nesi analala. Mimi naketi uani naangalia mikono.

Usidhani nimekusamehe. Nesi ameniuliza hilo nikamjibu vibaya, nikarudi kumuomba radhi yeye. Nimekulinda kwa sababu mtaa huu niliuambia miaka yote kwamba mwanangu hafanyi hila, na sikutaka wajue kabla sijazoea kujua mimi. Kazi yako unayo. Ifanye. Chumba chenye dirisha mpangishe mtu.

Ukitaka kuandika, andika, siwezi kukufunga mkono. Lakini ujue kuanzia sasa barua zako sizisomi mwenyewe. Nampelekea Nesi akiamka, ananisomea ukutani, mwanzo mpaka mwisho, karatasi zote, na nikimwambia rudia anarudia. Kwa hiyo usiandike ambalo hutaki jirani alisikie.

Baba yako.