Amina Iliyochelewa

Kara-Bulak, Naryn
Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu mpendwa Ayimkan,

Nakusalimu nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu, na kwamba baridi ya huko Novosibirsk imeanza kulegea. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto. Kondoo sita wamezaa salama. Yule farasi mzee bado yupo, amekuwa mvivu kama mwalimu mstaafu, na mimi najua ninachosema.

Nyumba imetulia mno. Kila asubuhi natandika kitambaa cha chakula, naweka bakuli mbili za chai kwa mazoea, kisha narudisha moja kabatini.

Kwenye simu uliniuliza habari za filamu yangu kuhusu baba. Waandaaji wa matamasha ya filamu wameikataa tena, mara ya tisa sasa. Jirani yetu Bubusara huisoma habari hiyo usoni mwangu kabla sijafungua mdomo. Juzi pale bombani alisema mbele ya wanawake wote, "Mwalimu, hata ng'ombe wangu hajamkataa dume mara tisa. Labda ubadilishe dume." Nilicheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Unanijua napenda kueleza, basi nivumilie. Anayetengeneza filamu peke yake, kwa kamera yake moja, sehemu kubwa ya kazi yake ni kusubiri, na kusubiri kukiachwa hivihivi kunaoza. Waliponikataa mara ya kwanza walisema upepo umemeza sauti za watu, nikautumia mwaka ule kujifunza kurekodi sauti. Theluji ilipofunga njia ya mlimani nikapiga picha ya dirisha lile lile kila asubuhi, siku arobaini. Na wale wafadhili walioniambia ningoje mwaka mzima ndipo wanijibu, walinipa bila kujua majira ya baridi ya mwisho ya baba. Wangenijibu upesi, ningekuwa nimeshafunga kamera.

Barua ya tisa haikuwa kama zile nane za mistari miwili. Iliandikwa na mama mmoja aliyeitazama filamu yote. Alisema picha ni nzuri, lakini yule mzee ni jiwe, na hakuna mtu anayenyamaza namna ile maisha yake yote. Akaniuliza nimekata nini. Nilikaa na swali hilo siku tatu. Siku ya nne nikaanza kutazama upya picha zote nilizoziacha.

Ayimkan, sasa naomba ukae chini.

Unakumbuka siku uliyoondoka, miaka kumi na tisa iliyopita. Ulisimama zizini ukingoja baba afungue mikono akuombee dua ya safari, naye akaendelea kufunga kamba ya ndama. Kijiji kizima kilijua umeondoka bila dua. Na ulipokuja kumzika, uliniuliza kando ya jiko, "Kaka, hakusema chochote kuhusu mimi?" Nikakujibu, "Unamjua baba alivyokuwa."

Alisema. Ilikuwa Februari ya mwaka jana, mwezi mmoja kabla hajafa, ameketi kwenye benchi la nje, juani. Nilikuwa napiga picha ya ukimya wake, maana filamu yangu yote ilisimama juu ya ukimya huo. Bila kuulizwa aliegemeza fimbo ukutani, akainua mikono, akasema, "Binti yangu Ayimkan, njia yako iwe nyeupe, iwe ya heri. Nilikuwa na hasira, na hasira ilipoisha nikaona aibu. Watoto wako waujue mlango wa nyumba hii."

Wewe unajua dua yetu haifungwi na anayeiomba peke yake. Aliyepo naye huinua mikono, husema amina, hupitisha viganja usoni. Aliyekuwepo ni mimi, na mikono yangu ilishika kamera. Baba akanitazama, mikono yake ikiwa bado juu, akingoja. Nimezihesabu, ni sekunde kumi na moja. Kisha mikono ikachoka, akaishusha mapajani, akasema, "Haya, endelea na kazi yako."

Nami nikaendelea. Sikuitikia, kwa kuwa sauti yangu ingeharibu picha. Baadaye nikayakata maneno yake, kwa kuwa baba anayesema aliharibu filamu. Na pale jikoni nilikuficha kwa sababu niliogopa ukijua utayataka, na ukiyataka nitalazimika kuyarudisha kwenye filamu. Sina sababu nyingine iliyo nzuri kuliko hiyo.

Sasa nimeyarudisha, pamoja na zile sekunde zote. Filamu sitaituma popote mpaka wewe uniambie, maana kipande hicho ni chako. Ukisema hapana, itabaki humu ndani. Kusubiri huku ni chaguo langu mwenyewe.

Jana nilisimama peke yangu mbele ya kompyuta, nikainua mikono, nikasema amina. Ilitoka kwa sauti mbaya, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuzungumza.

Nisalimie shemeji na watoto. Bubusara anakusalimu, anasema shali uliyomletea bado anaivaa harusini. Pamoja na barua hii nimeweka kifaa kidogo cha kompyuta chenye filamu hiyo, nimekiviringisha katika soksi ya baba kisivunjike. Ukifika pale anaponyamaza na mikono iko juu, usidhani mashine imekwama. Anakungoja wewe.

Ni mimi kaka yako,
Sagynbek